Barua za Mume wa Jirani

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Riwaya zangu zote tatu zinahusu wanawake wakati wa vita. Wanaume wamekwenda mpakani, wanawake wamebaki na foleni za sukari na sabuni, na katikati ya dhiki hiyo wanapata kitabu, wanasomeana, wanashikana mikono, na mwisho mambo yanakuwa mazuri. Wasomaji huniandikia kwamba walikuwa wamelazwa, au wamefiwa, na kitabu kikawapa nguvu ya kuamka asubuhi. Sijawahi kuwaambia kwamba riwaya ya tatu, waliyoipenda kuliko zote, niliiandika juu ya mama yangu na jirani yake, na kwamba mwisho wake niliubuni.

Tulikaa Makorora, kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi katikati na uani nyuma. Sisi tulikuwa vyumba viwili vya mbele. Chumba cha mwisho, karibu na choo, alipanga askari mmoja kijana, mtu wa Maramba, pamoja na mkewe wa Kipemba aliyekuwa bado mgeni mjini. Vita vya Kagera vilipoanza, askari alikwenda na mkewe akabaki. Hakuwa na ndugu hata mmoja upande huu wa bahari. Nilimwita mama mdogo, na yeye na mama waliitana shoga.

Mama alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo yaliyofanyika jioni shuleni kwetu. Mama mdogo alikuwa amehitimu Kurani, herufi za Kiarabu alizisoma bila kusita, ila hizi za shule hakuzijua. Mwalimu wa kisomo alimwazima mama kitabu cha hadithi kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Kila siku baada ya adhuhuri walitandika mkeka uani. Mama akasoma kwa kufuatisha kidole, mama mdogo akasuka ukili na kusikiliza. Walipofika pale kitabu kilipokatika walibishana juu ya mwisho wake, kisha wakaanza tena ukurasa wa kwanza. Nadhani walikisoma mara nne. Mimi nilikuwa darasa la pili, na hadi leo sijaona watu wawili wanaofurahiana namna ile.

Barua za askari zilikuja kupitia sanduku la posta la shule. Mama mdogo aliziweka kifuani mpaka mama amalize kupika, ndipo wakakaa na mama akamsomea. Barua zile zilikuwa nzuri mno. Siku moja mume aliandika kwamba kila akisikia mtu anatwanga, hudhani ni mkewe anamwita. Siku nyingine akaandika kwamba huko kuna baridi, na usingizi ukimjia husikia harufu ya mkeka wao. Mama mdogo alikuwa akiacha kusuka. Alimwomba mama arudie, na mama alirudia, ingawa sikuweza kuelewa kwa nini mara ya pili maneno yalikuwa tofauti kidogo.

Siku nilipoelewa nilikuwa nimeegemea bega la mama. Nilijua kusoma vizuri kuliko yeye. Niliona barua ni mistari mitano tu: yeye ni mzima, hofu ni kwao, mjomba aambiwe auze yule mbuzi dume, mvua huku ni nyingi, wasalamu. Mistari ikaisha. Mama akaendelea. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi tupu, kidole kinatembea, na maneno yanatoka.

Nikasema, "Mama, mbona hapo hapaja..."

Akanifinya paja bila kuinua uso. Nikanyamaza, na nilinyamaza miezi yote iliyobaki.

Vita vikaisha, mume akarudi. Alikonda, na alikuwa mtu wa kukaa mlangoni akitazama ukutani. Mama mdogo alimpikia kila alichokuwa akikipenda. Alimsubiri azungumze. Baada ya kama wiki mbili, wakati watu wa nyumba wote tupo uani na yeye anakula, mkewe akamwambia kwa sauti ya chini, lakini uani hapana siri, "Niambie basi yale uliyokuwa ukiniandikia. Yale ya kinu."

"Kinu gani?"

"Uliniandikia ukisikia mtu anatwanga unadhani nakuita."

Yule mume aliacha kula. "Mimi? Nani amekwambia maneno hayo?" Na sauti yake ilipanda. "Ni mwanamume gani anakwambia maneno hayo?"

Alianza kufikiri vibaya, na ungeona jinsi alivyosimama ungejua hatari iliyokuwapo. Mama aliacha sufuria aliyokuwa akiisugua, akaenda akasimama kati yao.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa naongeza. Barua zako zilikuwa fupi, na mwenzangu alikuwa analia."

Mume akaagiza barua ziletwe. Akazisoma zote pale pale, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Zilikwisha upesi. Kisha akacheka, akacheka kweli, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na watu wawili watatu wakacheka naye kwa kuona hatari imepita. Mama mdogo hakucheka. Alimtazama mama muda mrefu, akaingia ndani. Hakusema naye tena. Kabla mwezi haujaisha mume aliamua kurudi kwao kulima, wakahamia Maramba. Asubuhi walipopakia vyombo, mama alisimama mlangoni na kanga mpya mkononi, doti nzima. Mama mdogo alipita kana kwamba mlango ule hauna mtu.

Katika riwaya yangu niligeuza pale. Mume anacheka, mkewe naye anacheka, mama anacheka, wanalia na kucheka pamoja. Wale wanawake wawili wanaanzisha maktaba ya wanawake wa mtaa, wanazeeka pamoja, na sura ya mwisho wanagombea miwani moja. Niliiandika kwa raha. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini na bado nilitaka wapatane.

Mama, aliyekuwa bado anakaa vyumba vile vile vya Makorora, alikuwa mgonjwa wakati kitabu kilipotoka. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba, macho hayawezi tena herufi ndogo. Nilimsomea mimi, kurasa chache kila siku baada ya alasiri. Alicheka mahali pa kucheka. Nilipomaliza alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Umeniandikia mambo mazuri," akasema. "Lakini mwanangu, haikuwa hivyo."

"Najua, mama. Ni riwaya."

"Basi nenda kamtafute. Kabla sijaondoka nataka nijue kama bado ana kinyongo na mimi."

Haikuwa vigumu. Mwanamke mmoja anayeuza vitenge Makorora ana ndugu Maramba, na nilipomweleza akamtambua mara moja: yule Mpemba, sasa mjane, mwenye migomba mingi. Nikampa kitabu ampelekee, pamoja na namba yangu ya simu. Simu haikupigwa. Baada ya wiki mbili nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi. Amezeeka, lakini ningemjua hata sokoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Alinitazama. "Una uso wa mama yako. Kaa."

Nilikaa, nikavuta muhindi, nikaanza kupukuchua pamoja naye. Kitabu changu kilikuwa pale pale kwenye kiti.

"Nimekisoma," akasema. "Nimesoma mwenyewe. Nilijifunza mwaka ule ule tuliohamia, kwa hasira. Niliapa hakuna mtu atakayenisomea kitu tena. Na siku nilipoweza, nikazitoa zile barua nikazisoma. Zote zilikwisha kabla uji haujachemka."

Nikamwomba radhi kwa niaba ya mama.

"Ngoja. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Nyumba hii ndiye aliyeijenga. Hakunipiga hata siku moja mpaka anakufa. Lakini mama yako alinipa mume mwingine, nikamsubiri huyo. Akaja huyu. Miaka yote nilikuwa nikimtazama usoni namtafuta yule wa kwenye barua, na yeye alijua kuna kitu natafuta, hakujua ni nini." Mahindi yakawa yanadondoka. "Sasa na wewe umekuja. Umenipa uzee ambao sikuupata. Mimi na mama yako tunagombea miwani! Watu wako wakisoma pale wanafurahi. Mimi nilifunga kitabu nikakaa hapa mpaka magharibi. Nimeishi miaka hii yote bila shoga. Majirani ninao, wakwe ninao. Shoga, sina."

"Anaumwa," nikasema. "Anataka kujua kama bado una kinyongo naye. Nimwambie nini?"

Alipukuchua mahindi mawili kabla hajajibu.

"Mwambie namsalimia."

"Hilo tu, mama mdogo?"

"Hilo tu."

Safari nzima ya kurudi nilikuwa nikifikiri. Mimi ndiyo kazi yangu, kuongeza. Ningeweza kumwambia mama kwamba mwenzake alilia, kwamba amemsamehe, kwamba atakuja akishavuna. Ningeyapanga vizuri na angeyaamini. Lakini nilikuwa nimetoka kukaa na mwanamke aliyeharibikiwa na maneno ya kuongezwa, na ukali wake ulikuwa bado masikioni mwangu. Nikajiambia kwamba sitarudia kosa la mama, na kwa mama mwenyewe.

Alikuwa ameketi kitandani, ananisubiri, amejifunga kanga safi kama anayetegemea mgeni.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Mzima. Anakusalimia."

"Amesemaje?"

"Amesema nikwambie anakusalimia."

"Basi?"

"Basi, mama."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa. Akasema, "Alhamdulillahi, kama ni mzima." Kisha akaomba nimsaidie alale, akageukia ukutani. Hakumtaja tena. Nilikuwa naye kila siku, nikimlisha, nikimgeuza, na kila siku neno lilinijia mpaka kwenye ulimi, nikalirudisha. Alifariki wiki sita baadaye, asubuhi, wakati namchemshia maji.

Tulimzika siku ile ile. Siku ya pili ya matanga, wanawake wamejaa ukumbini, nikamwona mama mdogo anavua viatu mlangoni. Alikuwa na kikapu cha ndizi mbichi. Muuza vitenge ndiye aliyempigia. Hakukaa na wengine, alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama, nikamfuata. Alikaa chini, mgongo kwenye kitanda kilichokwisha ondolewa godoro.

"Ulimfikishia salamu zangu?"

"Nilimfikishia."

"Ulimwambiaje?"

"Kama ulivyosema. Kwamba unamsalimia."

"Hukuongeza neno?"

"Sikuongeza."

Alijifunika uso kwa ushungi. Mabega yalikuwa yanatikisika. "Mtoto wa mama yule," akasema. "Ukashindwa kuongeza neno moja."

Niliketi karibu naye. Nilitaka kujitetea, kwamba ni yeye aliyesema hilo tu, kwamba ni yeye aliyenifundisha siku ile barazani. Badala yake tulilia, kila mtu kwa upande wake kwanza, kisha akanivuta kichwa akakilaza begani kwake.

Alikaa siku tatu. Aliosha sufuria na wanawake wa mtaa, akalala chumbani kwa mama kwenye mkeka. Siku ya mwisho alinieleza jambo nisilolijua. Mume alipokuwa vitani, mimba yake iliharibika, ya miezi mitano. Mama ndiye aliyemsafisha, ndiye aliyekizika kile kitoto pamoja na mkunga mmoja. Wakamwandikia mume. Jibu lilipokuja lilikuwa yale yale ya mbuzi na mjomba, mtoto hakutajwa hata kidogo.

"Siku ile ndiyo alipoanza kuongeza," akasema. "Alisoma kana kwamba yule mtoto ametajwa, na jina kapewa. Mimi nililijua jina la mwanangu kutoka mdomoni mwa mama yako. Huko nilipojifunza kusoma nikaitafuta barua ile kwanza kuliko zote. Jina halikuwamo. Nilitaka kumchukia kwa hilo, na kwa hilo hilo nikashindwa. Ndiyo maana sikuja. Ningekuja kufanya nini, kugomba au kushukuru?"

Nilimuuliza jina hilo ni lipi. Alitikisa kichwa kukataa, na sikumlazimisha.

Nilimsindikiza stendi. Kabla hajapanda gari alinishika mkono.

"Ukiandika tena habari zetu, usinipambe. Andika nilichelewa."

Nikamwahidi. Mchapishaji wangu anataka riwaya ya nne, na mpaka sasa sijampa hata ukurasa mmoja. Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu. Wanawake walikuwa wanamalizia kukunja mikeka ya kuazima na kurudisha masufuria makubwa ya msikitini, na mmoja akaniuliza chai nimekunywa. Nikasema bado. Akanimiminia, nikakaa nao ukumbini nikanywa.