Skrini ya Mjomba

Ukoo mzima ulimwita Kipofu wa Rangi. Watoto wa binamu zake walimshikia nyanya mbele ya macho na kumuuliza, "Shangazi, hii rangi gani?" Wakubwa, badala ya kuwakemea, walicheka. Yeye naye alicheka, lakini kicheko cha meno tu. Moyoni alikuwa na mtu wake mmoja wa kumlipizia kisasi: mjomba, mdogo wa mama yake, mwenye studio ya kuhariri video.

Yeye ndiye aliyekuwa Mhariri katika studio hiyo. Ilikuwa na skrini kubwa ambayo mjomba aliikoleza rangi kupita kiasi, maana mteja akiingia na kuona nyekundu inayowaka anapagawa na kukubali kila kitu. Mhariri alimwambia mpaka akachoka, "Mjomba, hii skrini inatudanganya. Tukipima rangi humu, video ikifika kwa watu itapauka." Mjomba akajibu kwamba skrini ni yake na studio ni yake. Basi video ya harusi moja ikafunguliwa kwenye TV ya wenyewe, na bibi harusi akaonekana kama mtu aliyepakwa majivu. Wazazi wake walipokuja juu, mjomba hakumeza hata mate. "Ni huyu mpwa wangu," alisema mbele ya kadamnasi. "Masikini, haoni rangi. Nimembeba tu kwa kuwa ni damu yangu."

Kumbe mtu anaweza kuvuliwa nguo akiwa amezivaa. Mhariri aliondoka studio siku ile ile, akahamishia kazi zake chumbani kwake, nyumbani kwa mama. Wateja walimkwepa kama mwenye upele. Hakutaka pole ya mtu. Alitaka mjomba aumbuke mbele ya ukoo ule ule, kwa kosa lile lile.

Kisha bibi, mzaa mama, akafariki. Mama alikuwa kitandani na nyonga iliyovunjika. Hakumuuguza mama yake wala hakumzika. Mjomba ndiye aliyemrekodi bibi wiki zake za mwisho, akipiga soga na kugombeza watu. Ndugu wakakubaliana wakutane Jumapili sebuleni kwa mama, waitazame video hiyo pamoja.

Ijumaa mjomba akabisha hodi, diski ikining'inia kwenye mfuko wa plastiki, macho sakafuni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hii programu imenishinda. Nikiitoa video, ikifika katikati inagoma. Na rangi ndiyo usiseme."

"Si mimi ni kipofu?"

"Achana na hayo bwana. Yalishapita."

Yalipita kwa nani? Angesema samahani hapo, kisa kingeishia mlangoni. Hakusema. Alivuta kiti, akaomba maji ya kunywa.

Mhariri aliona kwamba video inakwama mahali pale pale kila mara, akakuta hapo kipande kilichorekodiwa kwa simu, kimeharibika. Akakibadilisha kuwa faili la aina nyingine, akakirudisha, video ikatoka mpaka mwisho. Rangi nazo zilikuwa na maelezo yake. Kamera ilirekodi kwa mtindo wa kupauka, unaomwachia mhariri kazi ya kuzirudisha rangi baadaye, na mjomba alikuwa ameyaweka marekebisho hayo kwenye vipande vya mwanzo tu. Akayatandaza hadi mwisho. Uso wa bibi ukarudi, kahawia, paji likimetameta. Hata mjomba akasogea kutazama.

"Mama, njoo uone," Mhariri aliita.

"Sitaki kumwona mama kwa vipande," mama alijibu kutoka kitandani. "Nitamwona Jumapili, akiwa kamili."

Mjomba akaenda kumjulia hali dada yake. Hapo ndipo Mhariri alipoikumbuka ile nyanya. Faili zuri akalihifadhi kwake. Akatengeneza jingine, akalipunguza rangi kwa kiasi ambacho skrini ya mjomba ingekifidia bila yeye kugutuka, akamtilia hilo kwenye diski. Kaikague huko huko, mzee, alisema moyoni. Mpango wake ulikuwa rahisi: ndugu walalamike, mjomba atokwe jasho, kisha yeye aweke lile zuri na kila mtu ajue nani kipofu.

Jumapili sebule ilifurika. Mama aliketishwa mbele kabisa, mito mgongoni. Mjomba akasimama. "Kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu mwenyewe," alisema, na Mhariri nusura apige makofi. Video ikaanza. Bibi alikuwa wa kijivu, midomo myeupe, macho yamefifia. Watu wakaanza kuguna. Mhariri aliliona jasho kwenye shingo ya mjomba, akaona raha, raha hasa.

"Alikuwa hivi?" mama aliuliza.

Miguno ikakatika.

"Mama alikuwa ameisha hivi, na kila nikipiga simu unaniambia hajambo?" Alikuwa akimtazama mdogo wake. "Ulinificha. Ningekuja. Hata kwa kutambaa ningekuja."

Mjomba aliitazama TV, kisha akamtazama Mhariri, na Mhariri akajua ameshaelewa. Akajiandaa kunyooshewa kidole. Majibu alikuwa nayo tele.

"Mama hakuwa hivi, dada," mjomba alisema. "Alikuwa na nuru yake mpaka mwisho. Rangi nimeziharibu mimi. Hata ile ya harusi niliiharibu mimi, nikamsingizia mtoto wako."

Ukoo wote ulisikia. Mhariri aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mama alikuwa analia. Mhariri akakimbilia kompyuta yake, akaiunganisha na TV, akafungua lile faili. Bibi akatokea na rangi zake zote, akacheka, akamgombeza mtu aliyekuwa amemkalia fimbo yake.

Mama akafuta machozi. Alimtazama mama yake mpaka alipomaliza kugombeza.

"Hii ilikuwa wapi?" aliuliza, bila kugeuka.

"Kwangu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

Mama alinyoosha mkono upande wa pili, akaushika wa mdogo wake, na wote wawili wakaendelea kutazama.