Mashine ya Mama Mkwe

Mkaguzi mmoja wa majengo alikuwa mtu wa kimya tangu utotoni, na kazi yake ilimkaa kama nguo ya kushonewa: kupima kelele zinazopenya kutoka nyumba moja hadi nyingine kwenye maghorofa. Hakumwonea mtu haya. Ukuta wako ukiwa mwembamba, anakuandikia ripoti.

Asubuhi moja mwalimu mstaafu alifika ofisini kwake kulalamika. "Kila Jumamosi dari yangu inatetemeka. Vikombe vinacheza kabatini mpaka vinajisogeza ukingoni. Juzi kimoja kimejitupa."

"Nani anaishi juu yako?"

Mwalimu alipotaja jengo na ghorofa, mkaguzi akaweka kalamu chini. Aliyeishi pale juu alikuwa mama mkwe wake.

Jumamosi akaenda na kifaa cha kupima sauti na mtetemo. Mashine ya kufulia ilikuwa imefika kwenye kukamua, inatembea chumbani kama mbuzi aliyekata kamba, na mama mkwe kaikalia ili isifike mlangoni.

"Karibu, baba," akasema, sauti ikitetemeka pamoja na mashine. "Umekuja kunisalimia?"

Mkaguzi akainua kifaa chake. "Ndiyo, mama. Na kupima pia."

"Kupima nini?"

"Wewe, mama. Yaani, mashine."

Mama mkwe akamgeuzia mgongo, bado kaikalia mashine. Hata hivyo mkaguzi aliandika ripoti kama ambavyo angemwandikia mtu baki: mtetemo umepita kiwango, mashine iwekwe juu ya mpira mzito, isiguse ukuta. Kesho yake akarudi na vipande vinne vya mpira, akapiga magoti, akaviweka mwenyewe chini ya miguu ya mashine.

Baada ya wiki mbili mwalimu akaja tena. Akashukuru kwamba vikombe vimetulia, kisha akabaki amesimama.

"Sasa mashine imenyamaza, nasikia maongezi yote ya juu. Yule mama huongea na dada yake kwenye simu huku akifua."

"Basi sakafu nayo ni nyembamba," mkaguzi akasema, akivuta fomu. "Itatakiwa zulia zito."

"Usiharakishe. Nimefika katikati ya habari zako."

Mkaguzi akatazama mlango, akashusha sauti. "Anasemaje?"

"Eti una moyo wa jiwe, mkwe gani anamwandikia mama ripoti. Lakini alivyokuona umepiga magoti pale, anasema binti yake hakukosea."

Mkaguzi akaandika: zulia zito. Tarehe ya kulitandika akaiweka mwezi ujao.