Sayari Yenye Mawingu

Mvua ikigusa vumbi la kwetu Chaka, harufu yake hunirudisha sebuleni kwa Cucu, nyanya yetu, mwaka ule mahindi yalipojikunja shambani kwa kiu. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunacheza gemu ya anga kwenye kompyuta kuukuu. Chombo chetu kilikuwa kimebakiwa na mafuta ya kuskani sayari moja tu. Kaka alitaka ile yenye pete.

Cucu, akichambua maharagwe, akauliza, "Ati ni gani iko na mawingu?"

Tukamwonyesha.

"Basi angalieni hiyo."

Kompyuta ikaandika: mvua ya asidi, hakuna uhai.

"Inasema nini?"

Kaka alinitazama kwanza. "Inasema iko na maji mingi, Cucu."

"Si niliwaambia," akasema, akainuka, akatoka kwenda kuweka beseni chini ya paa kukinga mvua.