Uso Mpya wa Kompyuta ya Mzee

Hii haikutokea kwa jirani, wala sikuiota. Ilinipata mimi, hapa Kitengela, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Anayetaka kucheka acheke amalize, kisha anisikilize.

Kabla mzee wangu hajafa, alirekodi baraka za harusi ya Nashipai, kitinda mimba wetu, akaziweka kwa kompyuta yake. Harusi ilikuwa Jumamosi. Alhamisi nikaiwasha: giza tupu na kamshale kadogo keupe. Ule uso wa mbele wenye vipicha, umepotea kabisa.

Fundi wa pale steji akaiangalia dakika mbili. "Mama, hapa ni kufuta kila kitu tuanze upya."

"Na sauti ya mzee?"

"Hiyo sahau."

Nikamwonyesha njia. Mimi nimejenga nyumba za udongo kwa mikono hii. Mlango ukiharibika, unabomoa nyumba?

Nashipai alilia, kisha akampigia rafiki yake wa Ngong, naye akaahidi kutuma msichana anayejua hizi vitu.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilikuwa peke yangu msichana aliposimama mlangoni. "Takwenya," nikamsalimia Kimaasai. "Iko," akajibu, akainamisha kichwa nimguse, kama mtoto aliyelelewa. Nikaweka mkono. Baridi! Si ya mvua, niamini. Ni ile ya jiwe la machimbo alfajiri. Lakini niko na haraka, sikumuuliza ni wa nani wala ametoka wapi. Mimi, ninayegombeza watu kwa kosa hilohilo!

Chai alikataa. Kompyuta hakutaka hata kuigusa. "Utabonyeza wewe, Koko," akaniambia, kama mjukuu na bibi yake.

"Shule niliacha darasa la tatu."

"Kwani herufi zimebadilika?"

Mdomo anao, nikasema moyoni. Akanionyesha vitufe vitatu vya kubonyeza pamoja, kisanduku kikafunguka. Akanitajia herufi moja moja, nikaandika kwa kidole kimoja. "Mzee aliweka uso mwingine humu, mwepesi, hakuwahi kuutumia," akasema. "Iambie mashine kila ikiamka ivae huo." Alijuaje? Sikuuliza. Niliandika tena, nikazima, nikawasha.

Uso mpya! Rangi ya kijani tupu, hakuna takataka za kumetameta, na majina makubwa ninayosoma bila miwani. Faili zote ziko. Nikafungua ile ya Nashipai. Mzee akakohoa kwanza, tabia yake, kisha akaanza kubariki. Nilipiga kigelegele peke yangu ndani ya nyumba.

Nikageuka nimshukuru msichana. Hakuna mtu. Na udongo mweusi wa huku ukilowa si unavua mtu kiatu? Sakafuni hapakuwa na tone la tope. Uani hakuna unyayo. Mbwa hakuwa amebweka.

Saa kumi akafika msichana wa Ngong mwenyewe, yule tuliyeahidiwa, matope hadi magotini. "Nani amebadilisha hii?"

"Mimi," nikamjibu. Na sikudanganya.

Jumamosi sauti ya mzee ilisikika hadi barabarani. Fundi wa steji alikuwepo, anakula pilau yangu macho chini.

Mpaka leo, kompyuta ikiwaka, kiganja changu cha kulia kinaingia baridi. Siogopi. Lakini wewe sikia: fundi akikuambia bomoa, uliza kwanza kama kilichoharibika ni nyumba au ni mlango. Na mgeni akikuinamishia kichwa, jua ni wa nani kabla hujaweka mkono. Mimi sikuuliza, na sasa sina pa kupeleka shukrani zangu.