Kiwiko cha Padri Ewald

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mguu. Sista Mkuu wa hospitali ile ya misheni, mtawa mrefu aliyetembea mikono ameifunga nyuma, alinipeleka wodi ya wanaume, akafunua shuka la mzee aliyevunjika nyonga, akaniambia, "Huu mguu ni wako. Ukitembea, umefaulu. Usipotembea, rudi kwenu Maposeni ukalime mahindi." Akaondoka. Mimi nilikuwa binti niliyetoka shule juzi, nimevaa sketi ya kuazima, na nilikuwa nimeomba kazi ya uuguzi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kuna kazi ya mazoezi ya viungo.

Vijana wa siku hizi wanaisomea chuoni, wanaiita fiziotherapia, wana vitanda vya kupanda na kushuka. Sisi tulifundishwa palepale kwa mgonjwa. Kazi ni kumrudishia mtu mwendo wake: aliyevunjika, aliyeungua, mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, na zaidi ya wote yule aliyepigwa na kiharusi, ambaye damu imeharibu njia kichwani na upande mmoja wa mwili umelegea. Upande huo ukiuacha upumzike, unakakamaa. Vidole vinajikunja na havifunguki tena. Kwa hiyo hatuuachi upumzike. Tunaukunja, tunaunyoosha, tunaulazimisha. Mgonjwa analia na ndugu zake wanatuona watu wabaya.

Niseme ukweli mapema ili tusisumbuane baadaye: mimi ni mtu wa wivu, na kazi hii iliuchochea. Wakunga waliokuwa wodi ya jirani walikuwa wanapewa majina. Watoto wangapi mjini Songea wanaitwa kwa jina la mkunga aliyewapokea? Nani amewahi kumpa mwanawe jina la mtu wa mazoezi? Daktari anapelekewa kuku. Nesi anakumbatiwa mlangoni. Mimi mtu wangu akipona anaondoka kwa miguu niliyomrudishia, hata hageuki nyuma.

Nilimlalamikia Sista Mkuu siku yule mzee wa nyonga alipotembea. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mzee, kiganja chini ya kiwiko chake, namna tunavyomsindikiza mgonjwa. Sista akasema, "Toa mkono wako. Polepole, asijue." Nikautoa. Mzee akaendelea hatua kadhaa mpaka dirishani.

"Hiyo ndiyo kazi yote," Sista alisema. "Kumshika ni rahisi, hata ndugu zake wanaweza. Wewe kazi yako ni kutoa mkono, naye aendelee."

"Na asante yangu je, Sista?"

"Asante ni ya Mungu. Wewe una mshahara."

Baadaye nilihamishiwa Tunduru, chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya aliyeongea kwa nadra na kusaini kila kitu bila kusoma. Huko wagonjwa wangu wengi walikuwa wakulima wa korosho walioanguka kutoka juu ya mikorosho. Mzee mmoja mkono wake uliporudi alisema, "Alhamdulillahi," huku ameelekea ukutani. Nikamuuliza, "Na mimi, mzee wangu?" Akageuka, akacheka kwa upole. "Wewe ni sababu, binti yangu. Mwenyezi Mungu hupitisha mambo kwa sababu." Nilikaa na neno hilo miaka yote. Nilijiona kama ngazi, maana watu wakishafika darini hawaiangalii tena.

Niliporudi Songea nilikuwa mama mzima, mkuu wa kitengo cha mazoezi, na hapo ndipo Padri Ewald alipoletwa. Alikuwa paroko wetu. Alianguka sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya Misa, baada ya Misa ya kwanza, bado amevaa alba, ile kanzu nyeupe. Upande wa kulia wote ulilegea na mdomo ulipinda. Mganga Mfawidhi aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mama Osmunda, huyu ni wa watu wote. Usimtese."

"Nisipomtesa hataadhimisha Misa tena," nikamjibu.

Huo ndio uliokuwa ukweli wenyewe. Padri asiyeweza kuinua mkono wa kulia atainuaje hostia, ule mkate wa Misa, atabarikije? Tayari watu walikuwa wananong'ona kwamba Askofu anamtafutia nafasi kwenye nyumba ya mapadri wazee. Padri Ewald mwenyewe alijua. Maneno yalipoanza kumrudia, la kwanza alilonitamkia, kwa ulimi mzito, lilikuwa, "Mkono."

Nami nilikuwa na langu. Wakatoliki wa kwetu wanajua thamani ya baraka ya kwanza ya padri mpya. Siku ya upadrisho watu wanapanga foleni mpaka barabarani, wanapiga magoti, wanabusu viganja vyake. Nilijiambia: mkono huu umekufa na mimi nitaufufua. Baraka yake ya kwanza ni yangu. Sikumwambia mtu, lakini kila asubuhi nilipoukunja na kuunyoosha nilikuwa naidai.

Mpinzani wangu alikuwa Mama Winfrida wa Mjimwema, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Kila saa ya kuona wagonjwa ilipofika aliingia na wanawake wake, khanga zimenyooka, rozari mkononi, chupa ya uji kwapani. "Tumsifu Yesu Kristo, Padri wetu." Wakamlisha, wakampangusa mdomo, wakamkanda miguu, wakasali mafumbo yote matano. Hawakumwachia afanye hata jambo moja. Wangemwachiaje? Padri hashiki kijiko mwenyewe mbele ya akina mama, ni aibu kwao. Niliyoyajenga asubuhi waliyabomoa alasiri kwa heshima.

Nikaleta mahindi makavu kutoka shamba la kaka yangu Maposeni. Hakuna mashine inayofundisha vidole kama kupukuchua mahindi: kidole gumba kinasukuma, vingine vinashika gunzi. Nilimwachia Padri kikapu, nikamwagiza apukuchue kwa mkono wa kulia tu, hata punje moja kwa saa. Niliporudi jioni nikakuta mahindi yote yako kwenye ungo, yamepepetwa, yanang'aa.

"Tumemalizia, dada," Mama Winfrida alisema kwa furaha. "Tulikuwa tunapukuchua huku tunasali. Kila gunzi, Salamu Maria."

"Nani kawaambia mpukuchue?"

"Sasa dada, tumwangalie Padri anahangaika na mahindi kama mtoto?"

"Ndiyo. Mumwangalie."

Alinikazia macho. "Wewe huna imani," alisema, taratibu, bila ugomvi.

Niliumia kwa sababu alisema mbele ya Padri, na Padri akanyamaza. Kesho yake asubuhi, nikimnyoosha vidole, nilimuuliza kama na yeye anaona sina imani. Alichukua muda kupanga maneno.

"Mimi siwezi kusali, Osmunda. Nikianza Baba Yetu, inapotea katikati. Wale wanasali, mimi nalala naisikiliza. Inanibeba." Akatazama mkono wake juu ya mapaja yangu. "Asubuhi nakungoja wewe. Alasiri nawangoja wao."

Mtu mwingine angetosheka. Mimi nilisikia tu kwamba wao wanambeba. Nilirudi nyumbani nikapiga magoti, na sala yangu ilikuwa hivi: Bwana, urudishe mkono ule, na ijulikane ni nani aliyeufanyia kazi. Nikajisikia ninavyosema, nikagundua kwamba sikuwa namwonea wivu Winfrida peke yake. Nilikuwa namwonea wivu Mungu. Kila nilichofanya, asante ilimpita kichwani yule aliyetoka jasho ikaenda Kwake moja kwa moja, na Yeye hakuwahi kushika hata gunzi moja.

Miezi ilipita. Bega likaamka, kisha kiwiko, kisha vidole viwili. Asubuhi moja Padri alifikisha mkono kifuani peke yake na kushindwa hapo. Nikapiga hesabu yangu: kesho au keshokutwa utafika kwenye paji la uso. Nilipiga pasi sare yangu.

Alasiri ileile akina mama walikuja. Nilibaki wodini kulinda kazi yangu. Rozari ilipokwisha, Mama Winfrida alipiga magoti kando ya kitanda kama kila siku na kusema, "Padri, tunaomba baraka." Siku zote Padri alikuwa anawabariki kwa kuinamisha kichwa. Siku hiyo aligeuka akanitafuta kwa macho.

"Osmunda. Kiwiko."

Nilielewa. Kisha nikaenda nyuma yake, nikaweka kiganja chini ya kiwiko. Mkono ukapanda, mzito, ukitetemeka, uzito wote ukiwa juu yangu. Juu. Chini. Mbele yangu kilikuwa kitambaa cha kichwa cha Winfrida, kimeinama, kikisubiri kilichokuwa changu. Mkono ulipoelekea kushoto nikasikia kiganja changu kimekuwa chepesi. Padri alikuwa hanilalii tena. Nikafanya nilichofundishwa: nikakishusha kiganja kidogo, asijue, mkono wake ukaenda wenyewe hadi kulia na kumaliza. Wodi nzima ikapiga vigelegele. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga picha kwa simu.

Picha hiyo ilizunguka kwenye grupu la jumuiya, kisha parokia nzima. Mama Winfrida aliitia fremu, iko sebuleni kwake. Padri anaonekana, Winfrida anaonekana, na pembeni, bila mwenyewe, kuna mkono. Wageni wakiuliza ni wa nani anasema, "Wa nesi." Siku ya Misa ya shukrani watu walicheza na mbuzi na magunia mpaka altareni, na Padri akamshukuru Mungu, Mama Bikira Maria, jumuiya, madaktari na wahudumu wote. Mimi nilikuwa wahudumu wote.

Alirudi kwenye parokia yake. Ila wakati wa mageuzo, hostia inapoinuliwa, alikuwa akimwita katekista asimame nyuma yake amshike kiwiko. Hata katekista huyo nilimwonea wivu. Nilikaa benchi la tatu nikiangalia mwanamume asiyejua lolote ameshika mahali pangu.

Sasa nimestaafu. Ninaishi Mshangano, nina mahindi nyuma ya nyumba na goti langu mwenyewe linahitaji mazoezi nisiyoyafanya. Padri Ewald huja siku nyingine kunywa chai, na fimbo yake. Safari iliyopita nilimuuliza, maana mtu akistaafu anaruhusiwa kuuliza.

"Padri, kwa nini ulimbariki Winfrida kwanza?"

Hakujifanya amesahau. "Yeye alikuwa amepiga magoti mbele. Wewe nilikuhitaji nyuma." Akameza kipande cha kiazi kitamu. "Wao wanasema ulikuwa muujiza, nami siwabishii. Lakini mimi najua, mama. Ulinishika mpaka mwisho. Ungeniachia, mkono ungeanguka mbele ya watu."

Basi, ndiyo hiyo. Asante niliyoitafuta tangu sketi ya kuazima ilikuwa imewekwa mezani, kati ya chupa ya chai na sahani ya viazi. Ningenyamaza tu ingekuwa yangu. Niliitaka mno. Lakini nilimwangalia nikaelewa ni kwa nini bado anamwita katekista. Mgonjwa anayeamini ameshikwa hatajua nguvu yake mpaka anazikwa.

"Sikukushika, Padri. Nilikuachia ulipofika kushoto."

Nikamletea ile picha kwenye simu, nikaikuza. Alivaa miwani. Kati ya kiganja changu na kiwiko chake pana nafasi, unaona shuka jeupe la kitanda cha pili.

"Basi nani alikuwa amenishika?"

Nilijua anakoelekea, na nilijua ni mimi niliyemfungulia mlango.

"Misuli yako," nikasema.

Akacheka kwa upande ule mmoja wa mdomo. "Haya. Misuli."

Jumapili iliyofuata katekista aliinuka kwenda altareni kama kawaida. Padri akatikisa kichwa, katekista akarudi kukaa. Kengele ikalia. Hostia ikapanda, ikatetemeka kidogo, ikatulia juu, na chini ya kiwiko hapakuwa na mtu.

Mama Winfrida alikuwa amepiga magoti pembeni yangu. "Umeona, dada?" alininong'oneza. "Maombi yetu hayo." Akainama, na kanisa zima likainama.

Mimi sikuinama. Nilikuwa naangalia kazi yangu.