Nilimwombea Jirani Hadi Akafungwa

Mimi ndiye niliyefanya yule mama akafungwa. Haya, nimesema! Sasa wacha nikueleze haraka kabla sijageuza nia, maana mimi ni mwepesi sana wa kujitetea.

Jina langu usilitafute. Ujue tu kwamba nakaa Mbotela, Nairobi, nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, nina cherehani sokoni nashona yunifomu za shule, na nimeokoka. Wakati ule nilikuwa mwenyekiti wa ushirika wa akina mama kanisani. Ungeniuliza nani ataketi karibu na kiti cha enzi kule mbinguni, ningekujibu kwa unyenyekevu kwamba sijui, huku najipangusa vumbi kwenye sketi.

Mama yangu tulimtoa Murang'a. Kichwa kilikuwa kimeanza kumpotea. Mara alime shamba la watu, mara ateleke sufuria tupu, mara amuulize kaka yangu, "Kijana, wewe ni wa nani?" Wake za kaka zangu wakachoka. Mimi nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema, "Mleteni kwangu! Si mimi ndiye binti?" Wote wakanyamaza, na jamani, nilikipenda kile kimya.

Nikampeleka hospitali. Daktari akampima, akakuta na uvimbe tumboni. Akaniita kando. Akasema kichwa hakina dawa, na huo uvimbe, kwa umri wake, hautapasuliwa. "Siku zake si nyingi, mama. Mrudishe nyumbani. Ale anachopenda, asikae mpweke, asiingiwe na hofu. Maumivu tutampa vidonge."

Mtoto wa darasa la pili angeyashika maneno hayo. Mimi mwenyekiti nilitoka pale nina mpango wangu mwenyewe tayari kichwani.

Nikamtandikia kitanda chumba cha mbele, shuka nyeupe. Nikapanga akina mama wa ushirika waje kwa zamu kukaa naye, kila mmoja na Biblia yake na kitabu cha nyimbo. Watoto nikawakataza kelele. Redio nikafunga. Mama nikamkataza kugusa kazi yoyote, hata kumenya kiazi. Apumzike, amefanya kazi ya kutosha! Nyumba ikanyamaza utafikiri tumeshamzika.

Mama akakataa kula. Nilimpikia nyama laini, mayai, chapati, mukimo wa kwao. Akafunga mdomo, akageukia ukuta. Siku moja mama mmoja mzito wa kanisa alikuwa akimsomea Zaburi, Mama akamwangalia toka kitambaa hadi viatu, akamuuliza kwa Kikuyu, "Na wewe, kwenu hamna kazi?" Yule mama hakujua Kikuyu. Nikamtafsiria kwamba Mama anashukuru.

Sasa, nyumba zetu pale zimepangwa mistari, zote za namna moja, milango yote rangi moja. Hata mume wangu, siku akitoka shifti amechoka, huhesabu milango. Basi nikarudi sokoni mchana mmoja nikakuta kitanda kitupu, na dada wa zamu amelala usingizi mzito, Biblia kifuani.

Nikatoka mbio. Sikufika mbali. Nilisikia kicheko. Nilisimama, maana kicheko kile nilikijua tangu nikiwa mtoto na sikuwa nimekisikia tangu Mama aje Nairobi. Kilikuwa kinatoka mlango wa tatu.

Mlango wa tatu alikaa mjane mmoja wa kutoka Magharibi. Nitamwita Mama Nekesa, ingawa si jina lake. Alikuwa akipika busaa, pombe ya kienyeji. Wakati huo ilikuwa imeshapigwa marufuku, lakini wanaume wa viwandani walikuja tu, wakazunguka chungu na mirija yao, wakanywa, wakaimba, wakaenda makwao. Mimi mlango ule nilikuwa nikiupita nimegeuza shingo mpaka inauma.

Nikachungulia. Mama amekaa kwenye kigoda, katikati ya walevi, ungo mapajani, anapepeta kimea cha wimbi. Cha pombe! Mama yangu, aliyebatizwa mimi nikiwa mgongoni! Anapepeta, anapuliza makapi, anawasimulia wale wanaume mambo kwa Kikuyu. Mama Nekesa anamjibu kwa Kibukusu. Hakuna anayemwelewa mwenzake na mazungumzo yanakwenda kama maji. Kando yake sahani ya ugali na mrenda imelambwa ikaisha. Mrenda! Mboga ile ya kuteleza ambayo nyumbani kwetu tuliiita makamasi!

"Mama Nekesa," nikafoka, "unajua huyu ni mama ya nani?"

"Ni Kukhu wetu," akasema, yaani nyanya kwa lugha yao, bila hata kusimama. "Aliingia akanigombeza kwa nini nimehamisha viti vyake. Nikamwambia pole, nikampa kigoda. Karibu, jirani. Utakula?"

Utakula! Mimi! Nikamshika Mama mkono nikamtoa. Njia nzima alikuwa akinipiga na ule ungo.

Kesho yake akarudi kule. Na kesho kutwa. Nikibadilisha kufuli, anapiga mlango kwa viganja mpaka majirani wanatoka. Mume wangu, mtu wa maneno machache, akaniambia, "Mwache aende. Kule anakula."

"Kwenye pombe? Watu watasema nini?"

"Watasema amekula."

Sikumsemesha wiki nzima. Ningemsikiliza siku ile, nisingekuwa hapa nakuandikia wewe.

Kilichoniua ni ziara ya ushirika. Walikuja wote, mchungaji na mkewe mbele, wamebeba matunda na vitabu vya nyimbo, kumwona mgonjwa wa mwenyekiti. Mgonjwa hayupo. Tukatoka kumtafuta, msafara mzima na kofia zetu, na hatukutafuta sana, kwa sababu alikuwa mlango wa tatu akipiga makofi, kilemba kimekaa upande, walevi wanamwimbia. Alipotuona akatukaribisha kwa mkono: ingieni, ingieni, kwangu hamna ubaguzi!

Mke wa mchungaji akanigusa bega. "Dada, tutakuombea."

We! Mimi ndiye huwaombea watu! Niliumia mpaka nikakosa hamu ya chai.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo kosa langu lilipo. Sikwenda polisi. Mimi ni mtu wa Mungu, siwezi kuchongea jirani. Nilichofanya ni hiki: Alhamisi, kwenye ushirika, ulipofika wakati wa maombi ya watu, nikasimama. Nikafumba macho. Nikasema, "Akina mama, nina ombi. Kuna nyumba moja inamwangusha mzazi wangu. Ni mlango wa tatu kutoka kwangu, upande wa bomba la maji. Ijumaa mchana ndipo mambo huchemka zaidi. Naomba Bwana aingilie kati."

Bwana anahitaji kuelekezwa bomba la maji? Hahitaji! Lakini mstari wa pili kutoka mbele alikuwa ameketi mke wa sajini wa polisi, na mimi nilijua ameketi hapo. Nilifungua jicho moja nikamwangalia. Aliitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote.

Sijawahi kuona maombi yakijibiwa upesi hivyo. Ijumaa, kabla jua halijateremka, Landrova ikaingia mtaani. Mimi nilikuwa nimefunga cherehani mapema, nimejifungia ndani na Mama, nimemkalisha mbali na dirisha. Mwenye busara! Lakini ziko kelele ambazo dirisha halizuii. Vyungu vinapasuliwa, wanaume wanaruka ukuta, askari wanafoka. Mama akaniponyoka, akafika dirishani. Akamwona Mama Nekesa akisukumwa garini, kitambaa kimemtoka kichwani.

Nilitegemea apige makelele. Hakupiga. Alirudi nyuma polepole, akapiga magoti, akaingia chini ya kitanda.

Kama wewe ni kijana, au hukulelewa kwetu, nikueleze. Wakati wa Emajensi, Mwingereza alipokuwa akiwasaka Mau Mau, kijiji chetu kilizungushiwa mtaro na seng'enge. Askari walikuja na magari namna ile, wakachukua wanawake. Mama walimchukua nikiwa mdogo, baada ya mtu wa pale pale kijijini kupeleka jina lake. Alirudi. Alifanywa nini hakuwahi kutuambia, na hakutaka aulizwe.

Mimi hayo yote nayajua! Nilikuwepo! Na bado nikaita Landrova mpaka mlangoni.

Nikalala kifudifudi kwenye sakafu nimtoe kule chini. Akanishika mkono, akaniita jina langu. Tangu aje Nairobi hakuwa ameniita jina hata siku moja. Alinong'ona, "Nyamaza. Kuna mtu hapa karibu anapeleka maneno. Usimwambie mtu yeyote kitu. Mimi nakuamini wewe peke yako."

Nilikaa pale sakafuni na sketi yangu ya ushirika, nikajisikia takataka.

Jumapili nilimfuata sajini nje ya kanisa, nikamwomba amwachilie yule mama. Akashangaa. "Dada, si wewe uliomba?" Akacheka. Kesi ikaenda kortini, Mama Nekesa akatozwa faini ambayo hakuwa nayo. Ningeweza kulipa. Usinihurumie kwa hilo, ningeweza kabisa. Lakini nikafikiria: nikilipa, watu si watauliza kwa nini mwenyekiti amlipie muuza pombe? Basi akaenda jela, na mimi nikaenda sokoni kushona.

Mama hakutoka tena chini ya kile kitanda kwa hiari yake. Tulimtoa, akarudi. Mwishowe tulimtandikia godoro pale pale chini. Nikafungua redio, nikaruhusu watoto wacheze, nikanunua ungo na wimbi nikamwekea mapajani. Ungo akauacha umwagike. Nikapika mrenda, mimi mwenyewe, nikiomboleza juu ya sufuria. Hakugusa. Kila mtu alipobisha mlango, Mama aliniangalia, akaniwekea kidole mdomoni. Alikufa hivyo, shuka amejifunika mpaka puani, ananilinda mimi nisisikike.

Mazishi yalijaa. Mchungaji alisema mabinti wa Nairobi waige mfano wangu. Niliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni huzuni tu.

Mama Nekesa alipotoka alikuja kwangu kwanza, hata mlango wake hajaufungua. Amekonda. Begani amebeba kifurushi. "Kukhu yuko wapi?"

Nikamwambia. Akakaa pale kizingitini akalia kwa sauti, kilio cha kwao, mpaka mstari mzima wa nyumba ukatoka. Mimi binti nilikuwa sijamlilia Mama hivyo. Nilikuwa nimelia kama mwenyekiti.

Aliponyamaza akajifuta uso na mkono. Akaniuliza, "Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula," nikasema.

"Afadhali. Kule ndani nilikuwa nawaza sana, nasema sasa Kukhu atapikiwa na nani kitu anachopenda." Akanishika mkono. "Asante kwa kumtunza, mama."

Nikasema karibu. Nikasema karibu, ndugu zangu!

Uenyekiti niliuacha. Niliwaambia ni mgongo. Mama Nekesa sasa anauza mandazi na chai, na asubuhi nikipita huniita ninywe. Yeye anadhani aliyemchongea ni mteja mmoja aliyekuwa akikopa bila kulipa. Yule mtu alishahama kwa sababu ya maneno ya watu. Mimi nakunywa chai, natikisa kichwa, nasema binadamu ni wabaya.

Ewe unayesoma hapa, kama una mzee ndani ambaye kichwa kimemtoka na siku zake zimebaki kidogo, usimtunze kwa ajili ya wageni watakaokuja kumwona. Akipata mahali anapocheka, mpeleke. Anachokula, mpe, kiwe kitamu kwako au kiwe makamasi. Na siku ukisikia unamwombea jirani yako kwa kutaja mlango na saa, keti chini ufunge mdomo!

Na usiniambie nimefanya vyema kuungama. Nilifikiria sana pa kuungamia. Kanisani nikaogopa. Kwa mume wangu nikaona haya. Nikachagua gazeti, nikajisifu kwamba nina ujasiri wa kusema mbele ya nchi nzima. Lakini ukweli ni kwamba nilichagua gazeti kwa sababu Mama Nekesa hajui kusoma. Mandazi yake ya leo asubuhi aliyafunga kwa karatasi ya gazeti, akanipa mawili ya bure, nikayala.