Sindano za Kaka Semboja

Kaka yangu Semboja alizaliwa mwembamba na akakua mwembamba. Kwetu Sindeni walimwita Fito, na alikuwa akiitika bila kinyongo. Shida ilianza alipohamia Korogwe kutafuta kazi ya kupakia magunia. Pale kwenye ghala la mahindi Manundu, wapakiaji husimama mlangoni asubuhi na mwenye lori huwachagua kwa macho. Kaka alikuwa akichaguliwa wa mwisho, au hachaguliwi kabisa, akarudi nyumbani. Jioni moja alisema neno ambalo sikulisahau, kwamba pale mlangoni anajiona kama mbuzi aliyekonda mnadani.

Basi akaanza kunyanyua vyuma. Mimi na mume wangu, ambaye ni utingo wa lori na haonekani wiki nzima, tulipanga chumba katika nyumba ileile aliyopanga kaka, kwa hiyo uani ni pamoja. Vyuma vyenyewe vilikuwa ekseli ya gari bovu na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Mimi nafua nguo upande huu, yeye anahema upande ule. Vijana wa ghalani nao wakaanza kuja, mmoja mmoja, uani kwetu pakawa jimu. Mwili ulikuja, ila polepole, kama muhogo.

Ndipo akaja Jacob. Huyu aliwahi kushindana Tanga katika kutunisha misuli, na alimwambia kaka kwamba chuma peke yake ni cha mtu asiye na haraka. Alikuwa akileta vichupa vya mafuta mazito ya njano, vya kuchoma sindano. Wenyewe wanauita mzunguko: unajichoma majuma kadhaa, unaacha, unaupumzisha mwili, ndipo unaanza tena.

Nisimwonee kaka yangu. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Wapo wapakiaji walionunua dawa za mifugo mnadani Handeni wakajichoma hizo, na mmoja wao aliota jipu kubwa kwenye tako, likapasuliwa hospitali. Semboja alisema yeye si ng'ombe. Kabla ya kuanza alikwenda kupimwa presha, na aliendelea kwenda. Sindano ilikuwa mpya kila mara, wala hakumwazima mtu. Zilizotumika alizitia kwenye kopo lenye kifuniko na kuliweka juu ya kabati, kwa sababu uani palikuwa na watoto wa wapangaji wengine. Alikunywa maji mengi, akala mayai na mboga ya mlonge, akiamini mlonge unasafisha ini. Jacob alimcheka, akasema, "Wewe unajichoma kama bibi harusi anayepakwa hina."

Lakini mambo mawili hakuyafanya. Hakupima damu, maana mji wetu ni mdogo na mtu akionekana kwenye benchi la maabara, watu wanammalizia hadithi. La pili, hakupumzika. Kila alipoacha sindano mwili ulishuka kidogo, shati likaanza kupwaya, na pale ghalani wakamuuliza, "Semboja, unaumwa?" Kwetu mtu akipungua ghafla haulizwi mara ya pili. Washajua ni ugonjwa gani. Kwa hiyo alipumzika siku chache tu, akaogopa macho yao, akarudia. Jacob mwenyewe alimkanya, hakusikia.

Ni kwa mwili huo alioa. Shadya ni msichana wa Vugiri, mtaratibu, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Siku ya ndoa akina mama wa kule mlimani walimshika kaka mikono wakasema huyu mtoto wao atazaa pacha. Nilikuwepo, na nilicheka nao.

Ikapita mvua ya vuli na ya masika, ikapita tena, Shadya hakushika mimba. Shangazi yetu Mwaija akaanza kuja kutoka Sindeni na mizizi ndani ya kikapu. Ilikuwa michungu, na Shadya aliinywa mbele yake mpaka tone la mwisho, kisha akaenda kutapika nyuma ya choo. Kwa desturi mimi, dada wa mume, ningekuwa upande wa shangazi. Sikuweza. Nilikuwa nimejifungua Maryamu, nikawa nikimnyonyesha ndani ili wifi asinione, naye alijua kwa nini naingia ndani, akawa anakuja mwenyewe kunipokea mtoto amcheulishe.

Alikwenda hospitali peke yake. Wakampima, wakamwambia hana tatizo, amlete mume. Semboja alikasirika. Akauliza mtu anayebeba gunia mabegani kama mto wa kulalia atakuwa na tatizo gani. Ila mwaka huu shangazi alipeleka habari kwa mjomba Sadala, ndugu wa mama yetu, na mjomba akatangaza kikao. Kila mtu alijua kikao cha nini. Mke asiyezaa huambiwa akapumzike kwao, na wengi hupumzika moja kwa moja. Semboja anampenda mkewe. Ndipo akaenda kupimwa.

Aliporudi nilikuwa namwogesha Maryamu kwenye beseni. Alikaa juu ya kopo moja la zege, akatazama maji.

"Mama Maryamu, wameangalia. Hakuna kitu."

"Hakuna kitu wapi, kaka?"

"Kwangu. Hakuna hata mbegu moja."

Alinieleza kama alivyoelezwa. Daktari alipoona ule mwili alimuuliza kwanza anajichoma nini. Dawa ile inafanya kazi ambayo mwili ulipaswa kuifanya wenyewe, basi mwili unaona hauhitajiki, unalala, na sehemu ya kutengeneza mbegu inalala nayo. Akiacha, unaweza kuamka. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kupita mwaka, na wapo ambao hauamki. Aache huku akirudi kupimwa, kwa sababu anayeacha huishiwa nguvu na moyo wake huzama. Presha nayo ilikuwa imeanza kupanda.

"Jacob aliniambia mwili unarudi," alisema. "Sikumuuliza unarudi na nini."

Siku hiyohiyo alimwambia Shadya. Mimi nilikuwa jikoni, kuta zetu ni nyembamba. Sikusikia ugomvi. Nilisikia wifi akitoa kilio kidogo cha mtu aliyetua mzigo. Kisha akasema maneno yaliyo wazi kabisa: "Basi hilo kaliseme Sindeni, mbele yao wote."

Kaka akamwahidi.

Tulikwenda watatu, na Maryamu mgongoni kwangu. Kikao kilikaa kwa mjomba baada ya swala ya adhuhuri, wanaume kwenye viti, sisi kwenye mkeka karibu na mlango. Mjomba Sadala alianza kwa kuzunguka, akataja marehemu, akataja majina yanayosubiri kurithiwa. Kabla hajafika alikokuwa anakwenda, kaka akaomba kusema.

"Mjomba, shida si Shadya. Ni mimi. Nimejichoma dawa za kukuza mwili, zimenimaliza mbegu. Hospitali wamenipima wakaniambia."

Sijawahi kumwona mtu anasema jambo gumu vile kwa sauti ya chini vile. Nikajua limekwisha, tutarudi naye wifi nyumbani.

"Simama," mjomba akasema.

Kaka akasimama. Alivaa shati la kitambaa, lilimbana mgongoni.

"Hebu geuka." Akageuka. Mjomba akawageukia wazee. "Haya, jamani. Huyu ndiye hana mbegu."

Walicheka. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Mjomba akasema yeye amefuga maisha yake yote, na fahali mwenye nundu kama hii hawezi kuja kumwambia kwamba ni maksai. Maksai anajulikana kwa kumtazama tu. Kaka akataka kutoa cheti cha hospitali, mjomba akasema vyeti siku hizi vinanunuliwa.

Shangazi Mwaija peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Shadya.

"Tangu lini mwanamume akasimama mbele ya wajomba zake akajitukana hivi kwa ajili ya mke?" alisema. "Huyu si yeye anayesema. Kalishwa limbwata."

Kicheko kikakatika. Hapo hata mimi niliona mambo yamegeuka. Limbwata ni ile dawa wanayosema mke anamtilia mume chakulani ili awe wake mzima, aseme anachotaka yeye. Walikuja na mke tasa, sasa wana mke mchawi.

"Shangazi," Shadya alisema, "mimi nampikia wali na maharage tu."

"Ndimo mnamotia humo."

Nikasema nimeziona sindano kwa macho yangu, uani kwetu, miaka yote. Mjomba akanijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgonjwa, kwamba hata mimi nakula kwenye jiko lao. Akatoa uamuzi kuwa Shadya aende kwao. Kaka akasema mke wake haendi popote. Wazee wakatazamana, shangazi akatikisa kichwa, maana kila neno la kumtetea lilizidi kumfunga.

Tuliporudi Korogwe hakuna aliyemfukuza. Shadya alikunja nguo zake mwenyewe, asubuhi, mlango ukiwa wazi. Kaka alikaa kitandani akimsihi asubiri, akimwambia yatapoa. Mimi nilisimama mlangoni na mtoto.

"Ugumba ningeubeba, wifi," aliniambia. "Kwa ajili yake ningeubeba hata usio wangu. Uchawi siubebi."

Akambusu Maryamu kwenye utosi, akaenda zake.

Kaka hakurudia sindano. Jacob alikuja na vichupa, kaka akamwambia avipeleke kwingine, wala hakumlaumu. Ila daktari alisema kweli juu ya moyo. Asubuhi nyingine haamki, anageukia ukutani, na ghalani ameshaanza tena kuchaguliwa wa mwisho. Mashati yote yanapwaya. Watu wa Manundu wanasema lile walilolisubiri, na Sindeni shangazi anasema mnaona, mwanamke kaondoka na nguvu zake. Kliniki anakwenda. Hakuna kilichoamka bado.

Mwezi uliopita alipanda Vugiri. Wakwe zake walimpokea vizuri, wakampa chai na viazi, na mama mkwe akamuuliza kwa staha kama anaumwa. Akajibu ndiyo. Shadya alikuja akaketi naye sebuleni, akamwambia hana kinyongo naye hata kidogo. Ila waliomwita mchawi ni wazee mbele ya watu, basi aje mzee kulifuta mbele ya watu. "Mjomba wako akija kunichukua," alisema, "nashuka siku hiyohiyo, mtoto awepo asiwepo."

Kaka alitoka huko akaunganisha moja kwa moja hadi Sindeni. Mjomba alimsikiliza, akamwonea huruma kweli, kwa sababu ni mpwa wake na anampenda. Akasema atakwenda Vugiri mwenyewe, na kanga za kumtuliza mke, siku atakapoona Semboja amepona akili.

Kaka akamuuliza atajuaje kama amepona.

"Siku utakapoacha kusema kwamba tatizo ni lako," mjomba alisema.